Kijana wa Chumba Kimoja Yumo Kwenye Daftari Gani?

Daftari la jumuiya yetu, kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, lina safu sita: namba, jina la baba, jina la mama, idadi ya watoto, namba ya kadi ya zaka, na maelezo. Nimelishika kwa miaka minane nikiwa katibu. Nalijua kama ninavyoijua njia ya sokoni, na katika miaka yote hiyo sikuiona kasoro yake hadi jioni moja ya mwezi wa Agosti, kijana mmoja alipobisha hodi nyumbani kwangu.

Alikuwa mtu wa Ukerewe, umri wa miaka 23 au 24, mbeba magunia ya dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mahali maboti ya ziwani yanaposhusha. Fulana yake ilikuwa imechakaa bega moja tu, lile linalobeba gunia, na hapo begani palimetameta vumbi la dagaa. Akaniamkia, akasema amepanga chumba cha uani kwa jirani yetu, huu ni mwezi wake wa nne hapo, na Jumapili iliyopita alipita ofisi ya parokia kuuliza asali jumuiya gani. Wakamwelekeza kwangu. Nikamuuliza kama ana barua ya utambulisho kutoka jumuiya aliyotoka. Hakuwa nayo. Kadi ya zaka je? Kule kwao kadi ni ya baba yake. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Basi mwanangu, ukienda nyumbani fuata barua, ukirudi nitakuandika." Akasema, "Sawa mama, asante," akaenda zake. Mimi nikarudi jikoni. Hakuja tena, wala sikumfuata.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa sababu hapakutamkwa neno baya hata moja. Alikuja akiwa na nia njema, akapokewa na mtu mwenye nia njema, na bado akabaki nje kama alivyokuja. Ndiyo maana nashindwa kukubali ile kauli tunayoirudia kila tukikaa vikao vya walei, kwamba vijana wamepoa, kwamba simu imewachukua, kwamba dunia imewameza. Wapo waliopoa. Lakini wapo pia waliokuja hadi mlangoni, nasi tukawaomba karatasi.

Naona tatizo letu liko kwenye hesabu. Kanisa letu la mtaani linahesabu kaya. Mtoto anahesabiwa chini ya wazazi wake: atakuwa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto, atasoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, kisha Kipaimara, na kila hatua kuna mtu anayemsubiri na daftari mkononi. Akishafunga ndoa, mke anapokewa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, mume anapokewa UWAKA, chama cha wanaume, na jina lao linaanza mstari wake wenyewe. Katikati ya hatua hizo mbili yuko mtu aliyeondoka kwa wazazi na ambaye hajaanzisha familia. Zamani muda huo ulikuwa mfupi. Kijana alitoka kwa baba yake karibu moja kwa moja akaingia kwake. Siku hizi unaweza kuchukua miaka kumi, hata kumi na mitano. Sinodi ya maaskofu kuhusu vijana iliyofanyika Roma Oktoba 2018 iliwahesabu vijana kuwa ni watu wa miaka 16 hadi 29, na hapa kwetu Tanzania sera ya vijana inafika hadi 35. Hebu fikiria mtu wa miaka 30, fundi wa pikipiki, anayelipa kodi ya chumba chake na kuwatumia wazazi hela ya sukari, halafu kwenye daftari la jumuiya hana mstari wa kuandikwa.

Jumuiya ndogondogo zenyewe hazina kosa. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana chini ya umoja wao, AMECEA, mwaka 1973, na tena 1976, walizifanya kuwa njia kuu ya uchungaji katika ukanda wetu kwa sababu parokia ilikuwa kubwa mno na mtu alikuwa anapotea ndani yake. Walitaka Kanisa lishuke hadi kwenye ua wa nyumba, kwa watu wanaojuana kwa majina, wanaojua nani anaumwa na nani amejifungua. Wazo hilo nalipenda na nimelitumikia. Lakini lilikua katika mazingira ya watu wanaokaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mwanza ya leo si hiyo. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huu ukiwa na watu 2,772,509. Ile ya 2022 ikakuta 3,699,872. Ongezeko la zaidi ya laki tisa kwa miaka kumi. Nenda Buhongwa, nenda Kishiri, nenda Buswelu, utaona nyumba zenye vyumba vya kupangisha vimepangwa mstari kama mabehewa, kila mlango na ndoo yake. Humo ndimo walimo vijana wetu, na wengi wao mwakani watakuwa wamehamia mlango mwingine. Jumuiya inayongoja watu watulie kwanza ndipo iwaandike, hao itawakosa.

Na hapa kuna jambo ambalo viongozi wengi wa jumuiya hatukufundishwa. Mkusanyo wa sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 102, unaeleza namna mtu anavyopata makao katika parokia. Yapo makao ya kudumu, ambayo mtu huyapata kwa kuishi mahali akiwa na nia ya kubaki hapo, au kwa kutimiza miaka mitano. Yapo pia makao ya muda: mtu anayapata akiishi mahali na nia ya kukaa angalau miezi mitatu, au akiwa amekwisha kukaa miezi mitatu. Kisha kanuni ya 107 inasema kwamba kwa makao hayo, yawe ya kudumu au ya muda, kila mmoja anapata paroko wake. Hata mtu asiye na makao yoyote hakuachwa, kwa maana paroko wake ni wa mahali alipo kwa wakati huo.

Sasa mrudie yule kijana. Alikuwa kwenye mwezi wake wa nne mtaani kwetu. Alikuwa mwanaparokia mwenzangu kabla hajabisha hodi, na kama alihamia akiwa na nia ya kukaa, alikuwa mwanaparokia tangu siku ya kwanza aliyoingiza godoro lake kile chumba. Nilimtaka athibitishe kwa barua kitu ambacho sheria ya Kanisa ilikwisha kukitimiza bila kunihitaji mimi wala muhuri wangu. Nilipoisoma kanuni ile nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda mrefu.

Simaanishi kwamba barua haina kazi. Kwenye ndoa ina kazi kubwa. Kanuni ya 1066 inataka ithibitike kabla ya ndoa kwamba hakuna kizuizi, na sisi wa mjini tunajua visa vya mtu aliyeacha mke kijijini akaja kutafuta pete nyingine huku. Hapo ulizeni cheti kipya cha ubatizo, pigeni simu, tangazeni Jumapili tatu, fanyeni yote. Lakini kukaa kwenye mkeka wa jirani na kusikiliza Injili ya Jumapili ijayo hakuhitaji cheti. Tumechukua utaratibu uliowekwa kulinda sakramenti tukauweka mlangoni pa sala.

Tumeweka na fedha hapohapo mlangoni. Kijana anafika mara ya kwanza, na baada ya sala ya kufunga katibu anasoma michango: ujenzi, tegemeza jimbo, sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya, rambirambi ya mama fulani, zawadi ya padre anayehama. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi mno, kwa hiyo najua inavyosikika masikioni mwa mtu anayelipwa kwa gunia. Wajibu wa kulitegemeza Kanisa upo, umeandikwa wazi katika kanuni ya 222, na kanisa tunalosali limejengwa kwa shilingi za wajane ambao wengine niliwafuata mwenyewe nyumba kwa nyumba. Lakini kanuni ya 848 nayo imeandikwa, na inamtaka mhudumu ahakikishe maskini hakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Wajibu wote huu una mpangilio wake. Baada ya ufufuko, Yesu aliwakuta wanafunzi ufukweni, wamekesha usiku mzima bila kupata kitu. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwashwa, samaki juu yake, na mkate. Aliwaita wafungue kinywa. Lile swali zito alilomuuliza Petro kama anampenda, Yohane anaandika kwamba lilikuja walipokwisha kula.

Nitasema kidogo kuhusu mwezi, kwa sababu watu wa bara hawaujui na sisi wa ziwani tumeusahau tunapopanga ratiba za kanisa.

Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mpevu taa inapoteza nguvu, kwa hiyo kuzunguka siku hizo mitumbwi mingi inapumzika. Mwaloni una mapigo yake kama moyo. Kuna majuma ambayo maboti ya visiwani yanashusha mfululizo, kijana hajui Jumamosi wala Jumapili, alfajiri ndiyo saa ya kazi kuliko zote. Kisha kuna siku vichanja viko vitupu, wanaume wanashona nyavu, wengine wanacheza drafti, wasichana wanaoanika dagaa wanasukana nywele kivulini. Jumuiya yetu inasali Jumamosi saa 12:30 asubuhi. Ni saa nzuri kwa mama wa nyumbani na kwa mtumishi wa ofisi aliye mapumziko. Kwa kijana wa mwaloni, saa hiyo boti ndiyo kwanza linagusa mchanga.

Saa hiyo haikupangwa na padre wala askofu. Tulijipangia wenyewe, watu kumi na wawili, miaka mingi iliyopita, kwa kuangalia nafasi zetu sisi kumi na wawili. Tunaweza kuibadili kwa kikao kimoja.

Na tazama kalenda. Pasaka huadhimishwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa kuanzia tarehe 21 Machi. Maana yake ni kwamba Juma Kuu linaangukia kila mwaka katika siku za mwezi mkubwa, yaani siku zilezile ambazo mvuvi wa dagaa yuko nchi kavu. Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Mkesha wa Pasaka, vyote vinamkuta hana kazi ya usiku. Liturujia yetu na ajira yao zinafuata mwezi mmoja! Kama kuna siku za kwenda mwaloni na kusema, "Jamani, Ijumaa tunapita Njia ya Msalaba, kituo cha saba kitakuwa hapahapa kwenu, nani atabeba msalaba?" basi ni hizo. Sijaona parokia inayopanga kwa makusudi hivyo. Natamani kuiona kabla sijazeeka.

Kuwafuata watu walipo si jambo geni huku kwetu. Pale Bujora, Kisesa, kando ya barabara iendayo Musoma, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alikuta Wasukuma wana ngoma zao za mashindano, chama cha Bagika upande huu na cha Bagalu upande ule, na vijana wakijaa uwanjani kuliko walivyojaa mahali pengine popote. Hakuanza kwa kuwafukuza uwanjani. Sikukuu ya Ekaristi ikawa na Bulabo yake, yaani sherehe ya ngoma za mashindano, ngoma za Kisukuma zikaingia kanisani, na hadi leo mtu anakwenda Bujora kuangalia mashindano akijikuta ameingia kwenye maadhimisho ya Mwili na Damu ya Kristo. Wasukuma wenyewe walikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana aliyeratibu kazi zao za pamoja mashambani. Kijana hakuambiwa asubiri aoe ndipo aaminiwe na jembe na watu wa kuongoza.

Sisi je, tunamwamini na nini? Nasikia kila mwaka kwenye matangazo kwamba vijana ni Kanisa la kesho. Papa Fransisko alikwisha kuikataa kauli hiyo katika waraka wake Christus Vivit, aliousaini Loreto tarehe 25 Machi 2019. Kwake vijana ni leo ya Mungu. Lakini sauti inayowaita vijana kwa jina zaidi parokiani ni ile ya baada ya Misa: "Vijana mbaki kidogo, kuna viti vya kupanga." Wanapanga viti, wanafunga turubai, wanaimba kwaya. Kazi hizo zina heshima yake. Ila nenda kwenye kamati ya fedha, ambayo kanuni ya 537 inaitaka iwepo kila parokia, utafute aliye chini ya miaka 30.

Na wataalamu tunao. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, hapa hapa Nyegezi. Kila mwaka kinatoa wahasibu, walimu, waandishi wa habari, wanasheria. Wakiwa chuoni wanasali katika TMCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, wana mlezi wao, wanaongoza masomo, wanashika fedha za chama, wanaandaa mafungo. Wakivua joho wanapanga chumba mjini wakisubiri ajira, na ghafla mtu aliyekuwa mwenyekiti wa mamia ya wanafunzi anakuwa mgeni anayekaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyepokea kijiti kutoka chuoni. Ingetosha mlezi wa chuo kumpigia simu paroko wa anakohamia: "Padre, nakutumia mtu."

Bukumbi, kusini mwa jiji letu, inatukumbusha jambo ambalo lingetufanya tuwaamini zaidi. Mwishoni mwa 1882 Mapadre Weupe, yaani hao hao Wamisionari wa Afrika, waliondoka Buganda kwa kuona hali si salama, wakavuka kuja kusini mwa ziwa, na mwaka uliofuata ikaanzishwa misheni ya Bukumbi. Hawakurudi Buganda hadi 1885. Kwa muda huo wote kule hapakuwa na padre hata mmoja. Waliobaki ni wabatizwa wachache na wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, na miongoni mwao Yosefu Mukasa Balikuddembe, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa mtumishi wa ikulu, akiwafundisha vijana wenzake wa ikulu na kuwakusanya kusali. Mapadre waliporudi walikuta kundi limekuwa kubwa kuliko walivyoliacha. Mukasa aliuawa Novemba mwaka huohuo wa 1885, Karoli Lwanga akashika nafasi yake, na tunajua yaliyotokea Namugongo tarehe 3 Juni 1886, ambako hata Kizito aliyekuwa na miaka kama 14 hakurudi nyuma. Tunawapamba mashahidi hao ukutani na kuwapa vyama vya vijana majina yao. Wakati wao wanalitunza Kanisa, mapadre wao walikuwa hapa kwetu, mwendo wa saa chache tu kutoka ninapoandika haya.

Nimefika kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni ndoa. Tusidanganyane: vijana wengi tusiowaona Mezani pa Bwana wanaishi na mtu. Walianza kwa kusaidiana kodi, akaja mtoto, sasa wana miaka minne. Wanajua hawawezi kukomunika. Wanaona aibu kuja jumuiya kwa sababu wanajua sala ikiisha mtu atauliza, "Na nyie lini?" Basi wanabaki nyumbani, na mtoto anakua bila ubatizo kwa kuwa wazazi wanaogopa kuulizwa. Sitaki Kanisa libadili mafundisho yake juu ya ndoa. Nayaamini. Ninachouliza ni kipi hasa kinachowazuia, na nimewauliza wao wenyewe. Hakuna aliyeniambia hataki ndoa. Mmoja alisema ng'ombe wa mahari hawajatimia na wakwe hawataki kusikia habari ya kanisani kabla ya hao ng'ombe. Mwingine alisema rafiki zake walichangisha mamilioni, ukumbi, sare, keki, na yeye hawezi kusimama mbele za watu na shati la kawaida.

Hapo ndipo jumuiya ina kazi isiyoweza kufanywa na mwingine. Sheria ya Kanisa inataka watu wawili walio huru, ridhaa yao, padre au shemasi wa kuipokea, na mashahidi wawili. Haijataja keki. Mwaka juzi tulisindikiza wawili waliokaa pamoja miaka tisa. Walifungishwa ndoa kwenye Misa ya asubuhi, siku ya kazi, bibi harusi amevaa kitenge kipya na viatu alivyoazimwa na mwenyekiti. Wazee watatu wa jumuiya walikuwa wamekwenda mara mbili hadi Magu kukaa na wakwe mpaka wakakubali mahari iliyobaki ilipwe polepole. Tukapika pilau sufuria moja uani. Yule bwana alipopokea Komunyo alirudi kwenye benchi akainamisha kichwa magotini, na hakuinua hadi wimbo ulipokwisha. Parokia zinazofungisha ndoa za pamoja, jozi kadhaa siku moja, zinafanya kazi kubwa kwa sababu hiyo: hakuna anayeonekana maskini pale ambapo wote wamevaa sawa.

Kuhusu wanaohamia makanisa mengine sina maneno mengi. Naomba tu tuache kuwasema vibaya. Kijana anafika kule mara moja, anaulizwa jina na namba ya simu, Jumanne mtu anampigia kumuuliza amelalaje. Sisi tuna sakramenti saba na historia ya miaka elfu mbili, na hiyo simu ya Jumanne hatukuipiga.

Kwenye jumuiya yetu tulibishana majuma matatu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisimama akasema tukiacha barua tutajaza watu wanaokuja siku ya msiba tu, wanaotaka wazikwe na sisi tuliochoka kuchangia. Ana haki ya kusema hivyo, amebeba majeneza mengi. Tulichokubaliana mwishowe ni kwamba anayefika anaandikwa siku ileile, jina na simu, na barua inakuwa kazi yangu mimi katibu: nampigia katibu wa alikotoka. Mara nyingi inachukua dakika tano. Akihama, napiga simu kule anakokwenda kabla hajafika. Na mara mbili kwa mwezi tunasali Jumapili saa 10 jioni, tukiangalia mwezi kabla ya kupanga.

Siku ya kwanza walikuja wawili. Sasa huwa saba, siku nyingine tisa. Juma moja tulisoma Luka sura ya tano, pale Yesu anapoingia kwenye mtumbwi wa Simoni. Nimeisikia Injili hiyo tangu utoto wangu. Msichana mmoja anayeanika dagaa, ambaye ndugu zake wote ni wavuvi, aliomba asome tena mstari wa pili, ule wa wavuvi kuosha nyavu zao. Akasema, "Mnajua kuosha nyavu ambazo hazikupata kitu kunaumaje? Umechoka, unanuka, huna hela ya chai, na bado lazima uzioshe ili kesho uende tena. Halafu mtu anakuja saa hiyo anakuomba mtumbwi." Mzee wetu wa barua alimtazama kwa muda, kisha akasema arudie, hakusikia vizuri. Akarudia.

Yule kijana wa Agosti nilimtafuta. Mama mwenye nyumba aliniambia aliondoka mwezi wa Novemba, labda machimboni Geita, labda kisiwani, hakuaga sana. Aliacha ndoo na viatu vya mvua, bado viko uani. Nilipewa namba yake ya simu. Nimemwandika kwenye daftari: namba 47, safu ya baba na ya mama nimeziacha wazi, na penye kadi ya zaka nimeandika namba hiyo ya simu. Nyakati nyingine inaita bila kupokewa, nyakati nyingine haipatikani. Leo asubuhi iliita.